Mbwa Asiyebweka na Mbwa Aliyenyamaza

Je, nyumbani kwako kuna mbwa? Kama yupo, unaijua sauti yake? Unajua anavyokula, anavyokunywa maji na anavyolala?

Huenda utacheka. Utasema, "Mganga wa zahanati ananiuliza habari za mbwa! Hana wagonjwa?" Wagonjwa ninao. Lakini soma mpaka mwisho, nawe utaona kwa nini nauliza.

Leo tutajifunza habari za mbwa mmoja wa kuwinda. Kisha tutarudi kwa mbwa wetu wa hapa kijijini.

MBWA WA MISITU YA KONGO

Kongo ni jirani zetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kaskazini mashariki ya nchi hiyo kuna misitu mikubwa. Wawindaji wa huko wana mbwa ambaye habweki. Wazungu humwita Basenji. Jina hilo limetoka katika maneno ya Kilingala yenye maana ya mbwa wa watu wa vijijini. Ni ndugu wa neno letu "shenzi". Jina ni la dharau, lakini mbwa mwenyewe ana thamani.

Ukimwona utadhani umeshamwona. Ana manyoya mafupi. Masikio yake yamesimama. Mkia wake umejikunja juu ya mgongo. Paji la uso lina mikunjo, kama mtu anayewaza. Wengi ni wekundu wenye miguu na kifua cheupe. Wengine ni weusi na weupe.

Dume ana urefu wa sentimita 43 hivi kutoka chini hadi begani. Uzito wake ni kilo 11 hivi, yaani kama nusu ya ndoo ya maji ya lita 20. Jike ni mdogo kidogo. Si mbwa mkubwa, lakini ana mbio, macho makali na pua kali.

Je, mwindaji anawezaje kumfuata mbwa asiyebweka ndani ya msitu mnene? Wawindaji wa Kongo humfunga kengele ya mti. Mbwa huingia kichakani na kuwafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Mwindaji husikia kengele, naye hujua mbwa yuko wapi.

Mbwa huyu si bubu. Hunguruma akikasirika. Hulia akiumia. Akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba. Kubweka mfululizo kama mbwa wengine ndiko hakuwezi.

TABIA ZAKE

Mbwa huyu hujilamba mwili mzima kama paka. Hapendi kunyeshewa na mvua. Ana akili nyingi, lakini ni akili zake mwenyewe. Ukimwita huja akipenda. Ukimpiga anakuogopa na kukukimbia. Hufunzwa kwa upole tangu akiwa mtoto, na kwa chakula kidogo kila anapotii.

Majike wa mbwa wengi hutaka dume mara mbili kwa mwaka. Jike wa Basenji kwa kawaida ni mara moja tu.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hii walipelekwa Uingereza kuonyeshwa kwa watu. Hawakukaa sana. Walikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa tena mjini London, na hao waliishi na kuzaa. Siku hizi Basenji wanafugwa katika nchi nyingi.

Wafugaji wa huko wamegundua kwamba baadhi yao hurithi ugonjwa wa figo. Mbwa akishakomaa huanza kunywa maji mengi na kukojoa sana. Hukonda ingawa anakula. Mwenye mbwa anayemjua vizuri mbwa wake huona badiliko hilo mapema. Asiyemjua huona mzoga.

Hapa ndipo penye somo letu. Kila mbwa ana hali yake ya kawaida. Basenji akinyamaza, ndivyo alivyoumbwa. Je, mbwa wako aliyekuwa anabweka kila usiku akinyamaza ghafla?

MZEE NA MBWA WAKE

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Asubuhi moja alikuja mzee na kidole kilichofungwa kitambaa. Nilikifungua. Palikuwa na mkwaruzo mdogo tu. Nikachukua dawa ya kidonda na bandeji.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, umejikwaruza na nini?"

Akajibu, "Na jino la mbwa, mwanangu. Lakini hakuniuma. Maskini alikabwa na mfupa. Siku mbili hakubweka. Mdomo wazi, mate yanadondoka, chakula hamezi. Nikatia mkono nimtoe huo mfupa."

"Ukauona mfupa?"

"Sikuuona. Na jana amekufa."

Niliiweka bandeji chini. Mwili ulinisisimka. Kama nisingeuliza, ningemfunga kidole na kumwambia aende shambani.

Kwanza tuliosha kidole kwa sabuni na maji mengi. Kisha nikamweleza kwamba ni lazima aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Akasema hana nauli, na kwamba mkwaruzo ule hata mtoto hawezi kuulilia. Tukamwita mwanawe. Wakauza kuku wawili, wakapanda gari la mchana.

Mzee alimaliza sindano zake zote. Mpaka leo analima. Alipoulizwa kama mbwa yule alikuwa amechanjwa, alisema, "Alikuwa mpole. Sikuona haja."

Ndugu msomaji, upole si chanjo.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaosababishwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno. Vijidudu hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini mwa mtu kwa kuumwa, kukwaruzwa, au kulambwa penye kidonda. Kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo.

Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Inaweza kuwa fupi kuliko hapo au ndefu. Huo ndio muda wa kuokoa maisha. Mtu akishaanza kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuchanganyikiwa, karibu kila mara hufa. Hakuna hospitali yenye dawa ya kumponya.

Lakini ugonjwa huu unazuilika. Mwaka 1885 huko Ufaransa, mtoto wa miaka 9 aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtaalamu Louis Pasteur alimpa chanjo, na mtoto akapona. Chanjo za leo ni bora kuliko ile.

DALILI KWA MBWA

Watu wengi wanajua kichaa cha ukali. Mbwa hukimbia ovyo na kuuma watu, wanyama, hata vijiti. Lakini kuna kichaa cha kimya. Tazama mambo haya:

1. Sauti imebadilika au imepotea.
2. Taya la chini limelegea na mate yanadondoka.
3. Hawezi kumeza, kama aliyekabwa na mfupa.
4. Mbwa mpole amekuwa mkali, au mbwa mkali amekuwa mpole mno.
5. Anajificha gizani, au anayumba akitembea.

Ukiona dalili hizi, usitie mkono mdomoni mwake. Ondoa watoto. Mfungie ndani ya uzio ikiwezekana bila kumgusa. Mwite Bwana Mifugo. Mbwa akifa, usimguse kwa mikono mitupu, wala usimchune. Bwana Mifugo ataeleza la kufanya.

MTU AKIUMWA

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Kama huna bomba, mtu mwingine amimine maji kwa kata.
2. Usiweke pilipili, mafuta, majivu wala majani.
3. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kama chanjo haipo hapo, utaelekezwa hospitali.
4. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.
5. Maliza sindano zote kwa siku ulizopangiwa. Usiache hata moja.

Mtoto akikwambia amekwaruzwa na mbwa, usimpige. Akipigwa leo, kesho ataficha. Na akificha, ndipo tutampoteza.

MTUNZE MBWA WAKO

Mbwa anatusaidia. Analinda nyumba usiku. Anafukuza ngedere na nguruwe shambani. Nasi tuna wajibu kwake. Fanya mambo haya:

Chanjo. Mpeleke mbwa wako kuchanjwa kichaa kila mwaka. Siku ya chanjo kijijini peleka mbwa wote, hata watoto wa mbwa na majike wenye mimba. Katika kila mbwa 10 wa kijiji, wakichanjwa angalau 7, ugonjwa hukosa njia. Mbwa wako peke yake hatoshi. Shirikiana na jirani.

Chakula na maji. Mpe chakula kila siku na maji safi kila wakati. Mbwa mwenye njaa huzurura, na mbwa anayezurura hukutana na mbweha na mbwa wagonjwa.

Minyoo. Mnyama akichinjwa, usimtupie mbwa mapafu au ini lenye malengelenge ya maji. Ndani yake kuna watoto wa tegu. Tegu hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto akishika manyoya ya mbwa kisha akala bila kunawa, huyameza. Uvimbe wenye maji huweza kuota katika ini au mapafu yake, na ukakua kwa miaka mingi. Choma au fukia nyama hiyo mahali ambapo mbwa hawezi kufukua. Mwombe Bwana Mifugo dawa ya minyoo ya mbwa. Fukia kinyesi cha mbwa. Nawa mikono kwa sabuni.

Kupe, viroboto na funza. Mkague masikio, shingo na kati ya vidole. Basenji hujilamba, lakini ulimi hauondoi kupe. Safisha mahali anapolala.

Jambo la mwisho ni kuwinda. Kumiliki mbwa wa kuwinda hakukupi ruhusa ya kuwinda wanyama pori. Fuata sheria za nchi. Tena ukimwona mbweha au fisi mchana amelegea na haogopi watu, usimsogelee. Naye huenda ana kichaa.

Ndugu msomaji, jioni ya leo mtazame mbwa wako kwa dakika chache. Sikiliza sauti yake. Angalia anavyokula na anavyotembea. Siku atakapobadilika, utajua kabla hajamgusa mtu. Na usipoteze kadi yake ya chanjo. Iweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wako, kwa maana nayo inamlinda mtoto huyo huyo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini wawindaji wa Kongo humfunga mbwa wao kengele?
2. Taja dalili tatu za kichaa cha kimya.
3. Mzee yule alifanya kosa gani alipodhani mbwa wake amekabwa na mfupa?
4. Jeraha la mbwa huoshwa kwa nini, na kwa dakika ngapi?
5. Kijijini kwenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Hesabuni pamoja, kisha mpelekeeni hesabu hiyo Bwana Mifugo.