Mwenzako akifilisika, deni linabaki

Wakulima watatu wa mpunga wanakopa benki shilingi milioni 9 kununua pawatila. Wanapiga hesabu zao: milioni 3 kila mtu. Msimu unaofuata mmoja wao anatangazwa na mahakama kuwa mufilisi. Je, wawili waliobaki wanadaiwa kiasi gani?

Wengi hujibu milioni 6. Sivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, waliokopa kwa pamoja hubeba deni lote, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Benki inaweza kumfuata yule mwenye ng'ombe tu na kumdai milioni 9 nzima. Kumtafuta mwenzake achangie ni kazi yake mwenyewe. Na kama fungu la mufilisi halilipiki, hao wawili hugawana pengo sawasawa: milioni 4.5 kila mmoja, riba kando.

Mahakama ikija kumwachilia mufilisi, anayepona ni yeye peke yake. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, haiwafutii deni aliokopa nao wala wadhamini wake. Aliyemlipia anaweza kupeleka dai kwa msimamizi wa mali za mufilisi, lakini huko atapanga foleni na wadai wengine, na mali yenyewe huwa imekwisha.

Yale makubaliano ya milioni 3 kila mtu, yaliyofanywa chini ya mwembe, hayaifungi benki. Mafungu yaandikwe ndani ya mkataba wa mkopo kabla ya kutia saini. Benki ikikataa, afadhali kila mmoja akope kiasi chake.