Safari ya Desemba visiwani Lamu: jiandae kabla hujapanda mashua

Desemba inapokaribia, jamaa nyingi za Kitui na Makueni huanza kupanga safari. Shule zimefungwa, mimea ya vuli imeshapaliliwa, na walioajiriwa mijini wamepewa likizo. Zamani safari kama hizo ziliishia Mombasa. Siku hizi wapo wanaokwenda mbali zaidi, hadi visiwa vya Lamu: Lamu yenyewe, Manda, Pate, na hata Kiwayu karibu na mpaka wa Somalia. Wengine huenda kutembea, wengine kumwona ndugu aliyepelekwa huko kufundisha au kulinda usalama.

Wakati huo huo wageni kutoka Ulaya nao hufika Lamu wakikimbia theluji ya kwao. Mgeni huyo huwa amemwona daktari wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Sisi hufikiri kwamba kwa kuwa tungali ndani ya Kenya, kinachohitajika ni nauli tu. Fikira hiyo ni ya hatari. Kila Januari sisi madaktari wa huku hupokea watu waliorejea kutoka pwani wakiwa na homa kali, na baadhi yao huwa wameshamaliza siku nne au tano wakimeza dawa za homa ya matumbo walizonunua dukani.

Katika makala haya tutatazama mambo ambayo msafiri wa kutoka Ukambani anapaswa kuyajua kabla hajapanda mashua pale Mokowe.

MALARIA NA KINGA YA MWILI

Wengi huuliza, "Daktari, mimi ni Mwafrika, nimeumwa na mbu tangu utotoni. Malaria itanifanya nini?" Jibu ni kwamba kinga dhidi ya malaria haitokani na rangi ya ngozi. Hujengwa mwilini kwa kuambukizwa mara kwa mara, kwa miaka mingi, na hupungua mtu akikaa mahali pasipo na malaria nyingi. Katika sehemu kubwa ya Kitui na Makueni ugonjwa huu huja kwa msimu tu, baada ya mvua. Kwa hiyo mtu mzima wa Wote au Mwingi anaweza kuwa na kinga ndogo sana, na mtoto wake aliyezaliwa Nairobi huenda hana kabisa.

Vilevile Desemba ni mwezi wa mvua za vuli kumalizika, na madimbwi yaliyobaki ni mahali pazuri pa mbu kuzaana. Vijidudu vinavyoletwa kwa wingi huko ni vya aina ya falsiparamu, ambavyo vinaweza kupanda kichwani na kuua kwa muda mfupi.

Kuna dawa za kuzuia malaria kwa msafiri, nazo huandikwa na daktari. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku, na huendelea kwa siku saba baada ya kutoka huko. Doksisaiklini pia huanzwa siku moja au mbili kabla, lakini ni lazima iendelee kwa wiki nne baada ya kurudi. Haifai kwa mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka minane. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, na huanzwa wiki mbili au tatu kabla. Mwenye kifafa au aliyewahi kuugua maradhi ya akili asipewe.

Klorokwini iliyotumika zamani iliachwa Kenya mwaka 1998 kwa sababu vijidudu viliizoea. Usikubali kuuziwa dawa hiyo kama kinga ya safari. Aidha, hakuna dawa inayozuia kwa ukamilifu. Neti iliyotiwa dawa, nguo za mikono mirefu jioni na mafuta ya kufukuza mbu bado ni vya lazima.

HOMA BAADA YA KURUDI

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji alikate na kulibandika ukutani. Mtu akishaumwa na mbu mwenye malaria, huchukua kiasi cha siku saba au zaidi kabla ya kuugua. Ukikaa Lamu siku tano, homa itakukuta nyumbani, huenda ni wiki mbili baadaye, umeshasahau kabisa habari za mbu. Inaweza hata kuchelewa miezi kadhaa.

Kwa hivyo, ukipata homa, baridi, maumivu ya kichwa au kutapika ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi: "Nilikuwa visiwani Lamu." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Mhudumu aliyezoea malaria chache katika zahanati yake hawezi kukisia ulikokuwa. Damu ipimwe. Ikionekana malaria, dawa ya artemetha na lumefantrini humezwa mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili iingie vizuri mwilini. Usiache katikati kwa kuwa umepata nafuu. Mgonjwa anayechanganyikiwa, anayeshikwa na kifafa, anayepumua kwa shida au asiyeweza kushika dawa tumboni anahitaji sindano ya atesuneti bila kuchelewa.

MBU WA MCHANA

Neti pekee haitoshi, maana yuko mbu mwingine anayeuma mchana. Huyu huzaana katika maji safi yaliyotekwa na kuwekwa: mapipa, mitungi, matangi yasiyofunikwa. Mwaka 2004, wakati wa ukame, wakazi wa mji wa Lamu walikuwa wameweka maji mengi majumbani. Mbu walizaliana, na homa ya chikungunya ikalipuka. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapo ugonjwa ulifika Mombasa, na mwaka uliofuata ulikuwa Komoro.

Jina lenyewe ni la Kimakonde, nalo linaeleza hali ya mgonjwa: maumivu ya viungo humfanya atembee amejipinda. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Mbu huyo huyo hueneza homa ya denge, ambayo imewahi kuzuka Mombasa mara kadhaa.

Kwa sababu hiyo, ukishikwa na homa ukiwa pwani tumia parasetamoli kushusha joto. Usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kupimwa, kwani mwenye denge anaweza kuvuja damu ndani ya mwili. Funika maji yote chumbani, na ujipake mafuta ya mbu mchana pia.

JOTO NA MAJI

Watu wa Ukambani tunajua jua. Lakini jua la Kibwezi na lile la Pate si mamoja. Kwetu hewa ni kavu, jasho hukauka mara moja na kuupoza mwili. Kisiwani hewa imejaa unyevu. Jasho hutiririka bila kukauka, na mwili hubaki na joto lake. Katika siku za kwanza pumzika kati ya saa tano na saa tisa mchana, na kunywa maji hata kabla ya kusikia kiu. Wazee na watoto wachanga waangaliwe sana.

Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvichumvi, na vijijini watu hutegemea maji ya mvua yaliyokingwa. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Mtoto akiharisha, mpe chumvi maalum za pakiti zinazochanganywa na maji safi. Ikiwa hamna pakiti, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kuhara majimaji meupe kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu: mgonjwa apelekwe hospitali huku akinyweshwa njiani.

CHAKULA CHA KWENU NA CHA WENYEJI

Wapo wanaobeba muthokoi na unga wa nyumbani ili kupunguza gharama. Si vibaya, lakini nafaka katika hewa ya unyevu huota ukungu upesi. Sisi hatuhitaji kukumbushwa madhara ya sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika Makueni, Kitui na wilaya jirani baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo. Beba kiasi kidogo kilichokauka vizuri, na kikibadilika rangi au harufu, kitupe. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Samaki ni chakula bora, mradi awe amevuliwa siku hiyo au amewekwa kwenye barafu. Asiyewahi kula kamba, kaa au kamba-mawe aanze kwa kipande kidogo. Akivimba midomo au kuwashwa mwili, aache mara moja. Akipumua kwa shida, hiyo ni dharura. Usile bunju hata kama umeambiwa fulani anajua kumpika.

Kasa naye asiguswe. Mbali na kulindwa na sheria, nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka kwa moto. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula kasa, na wengine wengi walilazwa.

BAHARINI

Desemba ina afadhali kuliko Agosti, kwa kuwa pepo za kaskazi huwa zinaanza na bahari si kali kama wakati wa kusi. Hata hivyo, wengi wetu tulijifunza kuogelea mtoni, kama tulijifunza. Kabla ya kupanda mashua, kila mtu na avae vazi la kuelea, mtoto apate la kimo chake. Mashua iliyojaa kupita kiasi, iache iende, ingojee nyingine. Usisafiri usiku kwa mashua ndogo ikiwa si lazima. Anayeshikwa na kichefuchefu baharini ale kidogo, akae katikati ya chombo na kutazama mbali. Dawa ya kuzuia kutapika imezwe nusu saa au saa moja kabla, si baada ya kuanza kutapika.

Ukitembea kwenye miamba wakati maji yamekupwa, vaa viatu. Ukichomwa na mwiba wa taa au wa samaki mwingine mwenye sumu, tia mguu katika maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, maumivu hupungua. Kisha umwone mhudumu, nawe uhakikishe umepata chanjo ya pepopunda. Chanjo hiyo itakufaa pia mjini Lamu, ambako punda ni wengi vichochoroni, na punda hupiga teke huko kama huku kwetu.

WENYE MARADHI YA KUDUMU

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa abebe dawa za muda wote wa safari pamoja na za wiki mbili za ziada, nazo zikae katika mkoba wa mkononi. Insulini isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Pasipo na jokofu, chupa ifungwe ndani ya mfuko usioingiza maji na kuwekwa katika mtungi wa udongo wenye maji, kivulini.

Mwenye selimundu yuko katika hatari kubwa akipata malaria, na mama mjamzito pia. Wasiondoke bila kushauriana na daktari. Mimba ya miezi minane na zaidi haina kazi Kiwayu.

HOSPITALI IKO WAPI?

Mjini Lamu iko hospitali ya King Fahd, na kisiwani Pate iko hospitali ya Faza. Lakini mtu aliye Kiwayu au Ndau huhitaji mashua, mafuta, nahodha na maji yaliyojaa ili afike huko. Siku ya kwanza kabisa uliza: nani ana mashua yenye injini? Simu inashika wapi? Zahanati iliyo karibu ina kipimo cha malaria? Hakikisha pia kwamba uanachama wako wa Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, umekamilika na michango imelipwa.

Barabara ya Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe imewahi kushambuliwa. Isafiri mchana, na uulize hali ya usalama kabla ya kuondoka.

RATIBA FUPI

Wiki sita kabla: mwone daktari, upate chanjo ya pepopunda na kujadili dawa ya malaria. Wiki moja kabla: nunua neti, mafuta ya mbu, parasetamoli, pakiti za chumvi, dawa ya maji, bendeji na sabuni. Ukiwa huko: maliza dawa kama ulivyoandikiwa. Ukirudi: endelea nazo hadi mwisho, na kwa miezi mitatu usidharau homa yoyote.

Gharama ya maandalizi haya ni ndogo ukilinganisha na kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Safari njema, na mrudi salama.