Alfred, Mtumishi wa Batman

Labda umewaona vijana wakigombania vitabu vya picha vya Batman, yule shujaa wa hadithi za Marekani avaaye kinyago cha popo. Wao humtazama yeye tu. Hebu leo tumtazame mzee Alfred Pennyworth, mtumishi wa nyumba yake.

Alfred alitokea mwaka 1943, mnene wa kuchekesha. Mwaka ule ule sinema ikamwonyesha mwembamba. Basi mwaka 1944 wachoraji nao wakamkondesha!

Batman hana nguvu za ajabu. Akipigwa, huumia. Ni nani amfungaye vidonda usiku wa manane na kuitunza siri yake? Ni Alfred. Tena hadithi za baadaye zasema kuwa ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipouawa. Humwita “Bwana”, lakini hamwogopi: akimwona anapotea humwambia waziwazi, kisha huenda kumwandalia chakula, ambacho mara nyingi hupoa mezani.

Mwaka 1964 waandishi walimwua. Jiwe kubwa lilikuwa likiwaangukia Batman na kijana wake Robin. Alfred akawasukuma kando, likamponda yeye. Lakini michezo ya televisheni ya mwaka 1966 ilimtaka, basi wakamrudisha. Mwaka 2019 adui aitwaye Bane alimvunja shingo, na mtoto wa Batman akitazama.

Mwaka 2020 kikatoka kitabu ambamo Batman na wale vijana wanakutana kumkumbuka mzee wao. Wanaishia kugombana, na mpatanishi wao hayupo.