Mhifadhi, Mwandaaji na Mbia: Istilahi za Maonyesho ya Sanaa ya Wenyeji

Istilahi hupimwa pale inapotumika. Neno lililopita bila pingamizi katika kikao cha wanaistilahi laweza kuzua utata likifika Karatu au Ngorongoro. Chukua neno mhifadhi. Baadhi ya waandishi humwita hivyo mtu achaguaye vitu vya makumbusho, akavipanga na kuvieleza kwa watazamaji. Lakini katika Ngorongoro, eneo lililotengwa mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi pamoja, mhifadhi ni ofisa wa wanyamapori. Ndiye asemaye ng'ombe wapite wapi na wasipite wapi. Tangu mjadala wa kaya kuhamia Msomera, Handeni, upambe moto mwaka 2022, neno hilo limezidi kuwa zito. Mgeni akiingia bomani na kusema, "Mimi ni mhifadhi, nimekuja kuonyesha shanga zenu," asishangae akina mama wakinyamaza. Twaona heri aitwe mwandaaji wa maonyesho.

Dhana ya pili ina uzito zaidi: kazi ya sanaa iliyofanywa na wengi. Siku hizi neno lililoenea ni shirikishi. Hilo latokana na kushirikisha, nako kushirikisha kunataka mwenye shughuli na mwalikwa wake. Je, kazi ikiwa ya wote, nani aliyemshirikisha mwenzake? Tazama mshale wa Mang'ola, wilayani Karatu. Kichwa cha chuma hufuliwa na mhunzi wa Kidatoga. Uti huchongwa na mwindaji wa Kihadzabe, naye huutia manyoya. Malipo ya mhunzi aghalabu huwa asali au nyama. Makumbusho mengi yameandika mishale ya namna hii "mshale wa Wahadzabe", mhunzi akapotea. Kiswahili kina neno la zamani, ubia, ambalo kila mtu humo ana fungu lake. Watakaosema lanukia biashara hawakosei, wala si kasoro: mshale ukiuzwa au picha yake ikichapwa, suala la mafungu litazuka tu. Basi na iwe sanaa ya ubia.

Kuhusu asilia, tuwe waangalifu. Mtazamaji akilisoma hutarajia ukale, kumbe mhunzi yule huyeyusha makufuli mabovu ya shaba akapata bangili za mwaka huu, na ushanga wa kioo wa Wamaasai kwa sehemu kubwa umetoka Ulaya, hususan Ucheki. Sanaa ya kisasa ya wenyeji yafaa zaidi. Mwenyeji ndiye amwonyeshaye mgeni mahali pa kukaa.

Haki hiyo ya mwenyeji ilijitokeza waziwazi mbali na kwao. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Loliondo, wilayani Ngorongoro, alizuru Pitt Rivers Museum, Oxford, akahoji maelezo ya vitu vya Kimaasai na jinsi vilivyofika huko. Ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ulikwenda huko mwaka 2018 na tena 2020. Vitu vitano vilitambuliwa kuwa vya heshima ya pekee, mojawapo ikiwa orkatar, bangili ambayo mwana huirithi baba anapofariki. Kitu cha aina hiyo hakiuzwi, wala hakigawiwi. Kibandiko kisemacho "bangili" tu hakidanganyi, lakini kimeficha msiba wa nyumba nzima.

Kwa mwandaaji, basi, kuandika kibandiko ni kazi ya kukaa na watu kabla ya kukaa na kalamu. Aulize kitu chaitwaje kwa lugha ya mtengenezaji, na jina hilo litangulie, Kiswahili kifuate. (Oldupai yenyewe, mkonge mwitu wa Wamaasai, imezunguka duniani ikiitwa Olduvai kwa sababu mgeni alisikia vibaya.) Aandike kila mkono: aliyefua, aliyechonga, aliyetia manyoya, kila mmoja kwa jina lake akiridhia. Mwisho aache mstari mmoja ambao vibandiko vyetu havijawa nao, nao uanze kwa neno "Aliyekubali". Pasipokuwa na jina la kuujaza, kitu kibaki kabatini.