Je, Wajua? Ukuta wa Nafasi ya 27 Uliobeba Kombe

Je, wajua kwamba mjukuu wa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda alikuwa mlinzi katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani? Ni Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa Indianapolis, 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuja kuwa Jaji Mkuu, na mwaka 1972 askari wa Idi Amin walimkamata akiwa mahakamani Kampala, akauawa. Mathias alisajiliwa na New York Giants mwaka 2006. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfikia mrushaji wa wapinzani na kumwangusha kabla mpira haujatoka mkononi. Alistaafu akiwa ameangusha warushaji mara 38.5.

Nusu hiyo si kosa la uchapaji. Walinzi wawili wakimwangusha mrushaji kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu. Hesabu ya kuangusha warushaji ilianza kuwekwa rasmi mwaka 1982 tu, kwa hiyo vigogo wa zamani waliondoka uwanjani bila kuandikiwa hata mara moja.

Je, wajua kwamba msimamo rasmi wa safu za ulinzi katika NFL haupangwi kwa pointi? Unapangwa kwa yadi, yaani umbali ambao wapinzani wamesogea na mpira. Yadi moja ni kama sentimita 91, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Atakayeruhusu yadi chache zaidi ndiye wa kwanza, hata kama yule aliyeachia uwanja mrefu aliziba vizuri zaidi karibu na mstari wa mwisho. Kwa maoni yangu kipimo hiki kinadanganya kuliko vyote, na ushahidi ni Giants wenyewe.

Msimu wa 2011 ulinzi wao ulishika nafasi ya 27 kati ya timu 32. Walifunga pointi 394, wakaruhusu 400. Walishinda mechi 9, wakapoteza 7. Ukisoma jedwali peke yake, hapo hakuna bingwa. Jedwali halikusema kwamba walinzi wao wawili hodari, Justin Tuck na Osi Umenyiora, walikosa mechi kadhaa kwa majeraha. Waliporudi, mtoano ukawa habari nyingine kabisa. Atlanta waliambulia pointi 2, Green Bay 20, San Francisco 17, na New England Patriots 17 katika fainali, Super Bowl, ya tarehe 5 Februari 2012. Jumla ni 56 katika mechi nne, wastani wa 14, wakati katika ligi walikuwa wakiruhusu 25 kila mechi.

Fainali hiyo iliisha 21 kwa 17, na pointi mbili za kwanza zililetwa na ulinzi. Tuck alimkaba Tom Brady, mrushaji wa Patriots, ndani ya eneo lake la mwisho, Brady akautupa mpira mahali pasipo na mwenzake, na waamuzi wakawapa Giants pointi mbili. Kiwanuka alikuwa katika kikosi hicho. Hakuna bingwa wa Super Bowl kabla yao aliyewahi kuruhusu pointi nyingi kuliko alizofunga katika msimu wa ligi.

Wachambuzi wametafuta mizani bora. Mwaka 2003 Aaron Schatz alileta kipimo cha DVOA, kinacholinganisha kila jaribio na wastani wa ligi kwa hali ileile na ubora wa mpinzani. Kwa ulinzi, namba hasi ndiyo nzuri. Kampuni ya PFF nayo hutazama video na kumpa kila mchezaji alama kwa kila jaribio, kuanzia hasi 2 hadi 2, kwa hatua za nusu nusu.

Na huku kwetu Tanzania, kwenye soka? Msimu wa 2024/25 Yanga waliruhusu mabao machache kuliko Simba, lakini kipa aliyeongoza kwa mechi bila kufungwa alikuwa Moussa Camara wa Simba. Kipimo kimoja kinahesabu mabao, kingine kinahesabu siku safi za mtu mmoja. Kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, timu ya taifa, Taifa Stars, iliruhusu mabao mawili tu katika mechi tano. La pili, la Morocco, liliitoa robo fainali.

Basi wewe uliyeko Endasak, chini ya Mlima Hanang, unayepanda gari kwenda Babati kuona mechi kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa: usiishie kwenye safu ya mabao ya kufungwa. Uliza beki gani alikuwa majeruhi, kipa alipigiwa mashuti mangapi, na mabao yaliingia dhidi ya nani.