Mafuta, Oili na Njia ya Nje: Kueleza Injini ya Pikipiki Iliyopanuliwa kwa Kiswahili

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba maarifa ya ufundi aghalabu huendeshwa kwa orodha za istilahi. Orodha hizo zina faida yake, lakini hazionyeshi iwapo lugha inaweza kumwongoza mtu mwenye spana mkononi kutoka hatua moja hadi nyingine bila kumpoteza. Makala hii inateua kazi moja tu ya ufundi, nayo ni kuhamisha njia ya oili kutoka ndani ya injini ya pikipiki na kuipitisha nje baada ya silinda kupanuliwa. Kazi yenyewe imeteuliwa kwa sababu kosa dogo la maelezo laweza kuiua injini, au hata kumwangusha mpandaji.

Tuanze na neno mafuta. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba petroli, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia na kile kilainishi cheusi kinachomwagwa gereji. Mwenye pikipiki akisema anakwenda kuweka mafuta, hakuna anayedhani kwamba anakwenda kuongeza kilainishi. Hata hivyo, katika maandishi ya ufundi utata huu si jambo la kupuuza, kwani ziko injini za mipigo miwili ambazo kilainishi chake huchanganywa na petroli, na ziko za mipigo minne ambazo hazifai kabisa kuchanganywa hivyo. Mafundi wameutatua utata huu bila kusubiri kamati yoyote: wanasema oili. Faida ya uteuzi huo haiishii kwenye neno lenyewe. Mafuta huchukua upatanisho wa ya-, ilhali oili imeingia ngeli ya i-/zi-. Fundi akiuliza, "Imepungua?", msaidizi wake anajua ni oili, akiuliza, "Yamepungua?", anajua ni petroli. Kiambishi kimoja kinafanya kazi ambayo sentensi nzima ingehitajika kuifanya. Kwa hiyo, neno litakalotumika hapa chini ni oili.

Mfano unaofaa ni Honda CB750, pikipiki ya Kijapani iliyoingia sokoni mwaka 1969 ikiwa na silinda nne zilizopangwa safu moja. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 61, na pistoni husafiri milimita 63 kutoka chini hadi juu. Ujazo wa silinda zote nne ukijumlishwa ni sentimita za ujazo 736. Wapenzi wa mwendo wa kasi hawakuridhika. Njia iliyopendwa ya kuiongezea nguvu ilikuwa kuchonga upya silinda ili zipokee pistoni za milimita 65, na ujazo ukafika sentimita 836. Ongezeko hilo ni takriban asilimia 13.5, na kwa wastani joto nalo huongezeka kwa kadiri inayokaribiana na hiyo, kwa kuwa petroli nyingi zaidi inachomwa ndani ya injini ileile, yenye mapezi yaleyale ya kupozea.

Lakini joto ni nusu tu ya tatizo. Vitovu vya silinda havisogei silinda zinapopanuliwa. Kinachopungua ni ukuta wa chuma ulio kati yake: silinda mbili jirani zilizoongezwa kipenyo kwa milimita nne zinakaribiana kwa milimita nne. Katika bloku hiyohiyo ndimo zinamopita njia za oili inayopanda kwenda kwenye hedi kuilainisha kamshafti na roka zake. Kwenye CB750, njia hizo huvuka mshono ulio kati ya bloku na hedi, na pale kwenye mshono pamewekwa vitundu vyembamba vya kuipima oili pamoja na pete za mpira za kuzuia isivuje. Gasketi ikikosa mahali pana pa kukalia, na bloku ikipanuka kwa joto kuliko ilivyokusudiwa na waliyeibuni, pete hizo ndizo huanza kushindwa. Oili hujipenyeza kwenye mshono na kuonekana nje ya bloku, kati ya mapezi.

Si kila CB750 ya sentimita 836 inayohitaji njia mpya. Bloku iliyosawazishwa vizuri na kufungwa pete mpya yaweza kudumu na njia zake za awali, na fundi anayekimbilia paipu za nje kabla ya kuukagua mshono anajiongezea kazi. Njia ya nje huanza kuwa na maana pale kipenyo kinapozidishwa zaidi, au slivu nene zinapoikaribia mno njia ya oili, au injini inapotayarishwa kwa mashindano na mshono ule kuwa chanzo cha wasiwasi usiokwisha. Hapo njia za ndani huzibwa kwa vizibo vya chuma vyenye hesi, na oili huchepushwa ipite nje. Nomino ya kitenzi hicho ni mchepuko, neno ambalo Wakenya wengi hulihusisha na barabara, na ambalo katika mazungumzo ya mitaani Tanzania limepata pia maana ya hawara. Kwa injini, maana ya barabara inatosha.

Mchepuko huo huanzia wapi? Lazima uanzie mahali ambapo oili imekwisha kupita kwenye pampu na chujio, lakini bado haijagawanywa kwenda kwenye beringi. Mafundi wengi huchagua tundu la swichi ya taa ya oili, kwa kuwa tayari lina hesi na limeunganishwa na njia kuu. Kiungo chenye matawi hufungwa hapo ili swichi isipoteze nafasi yake. Tawi jingine huipokea paipu inayopanda hadi kwenye hedi. Miisho ya paipu hushikwa kwa bolti zilizotobolewa katikati, oili ikipita ndani ya bolti yenyewe, na kila bolti huwa na washa mbili laini za shaba au alumini, moja kila upande wa kiungo. Washa hizi hubonyea zinapokazwa, na kule kubonyea ndiko kunakoziba. Washa iliyotumika mara moja imekwisha kubonyea, na kuirudisha ni kuukaribisha uvujaji.

Sehemu inayowapotosha wengi ni upana wa paipu. Mtu hufikiri kwamba oili nyingi ni ulinzi mkubwa, kwa hiyo paipu pana ni bora kuliko nyembamba. Hapa dhana ya shinikizo inahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Ipo istilahi ya kanieneo, iliyoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, ambayo kwa hakika ni fasili iliyovaa vazi la neno. Fundi husema presha, Mkenya aliyesoma husema shinikizo. Vyovyote itakavyoitwa, si kitu kinachotengenezwa na pampu peke yake. Pampu husukuma oili. Shinikizo hutokea kwa sababu oili inazuiwa na wembamba wa njia zilizo mbele yake. Ukiondoa kizuizi, shinikizo linaanguka ingawa pampu ni ileile na kasi yake ni ileile.

Krenki ya CB750 huzunguka ndani ya beringi za ganda, zisizo na gololi. Kinachoitenganisha krenki na ganda ni utando mwembamba wa oili, na utando huo hutegemea oili ifike bila kukatika. Paipu pana isiyo na kizuizi ikifunguliwa kuelekea kwenye hedi, oili hufuata njia iliyo rahisi. Hedi inafurika, krenki inakaa na njaa. Isitoshe, oili iliyofurika juu haina njia ya haraka ya kushuka, hivyo baadhi yake hupenya kando ya vishina vya valvu, ikaungua, na moshi wa buluu ukaonekana nyuma. Mwenye pikipiki atadhani ringi za pistoni zimekwisha.

Dawa yake ni kukihamisha kizuizi pamoja na njia. Vile vitundu vilivyokuwa kwenye mshono vilikuwa na kazi, na kazi hiyo haikufutika kwa kuwa oili imeelekezwa kwingine. Kwa hiyo kipande chenye kitundu chembamba huwekwa kwenye kiungo cha paipu. Hesabu yake haisamehe kukisia: kitundu cha milimita mbili kina eneo mara nne ya kile cha milimita moja, si mara mbili. Kipimo cha shinikizo nacho hufungwa upande wa njia kuu, kabla ya kizuizi, maana hapo ndipo krenki inapopata riziki yake. Taa ya oili haitoshi kwa ukaguzi huu, kwani huwaka shinikizo linapokuwa limeshuka mno.

Walimu wa ufundi hupenda kuifananisha oili na damu na pampu na moyo. Tashbihi hiyo inasaidia mwanzoni lakini hudanganya baadaye. Damu hurudi moyoni kwa mishipa iliyofungwa. Oili ikishatoka kwenye beringi za kamshafti haina shinikizo tena. Inaanguka kama maji ya paa, ikishukia kwenye handaki la mnyororo wa kamshafti hadi chini ya injini. Pale sehemu ya pili ya pampu huifyonza na kuirudisha kwenye tangi lake, ambalo katika CB750 limewekwa kando ya fremu, mbali na injini. Mchepuko wa nje haubadilishi lolote katika safari hiyo ya kushuka, na paipu ya pili ya kurudishia, ambayo wengine huiongeza kwa kupenda ulinganifu, mara nyingi ni pambo.

Anayedhani njia ya nje ni aibu ya injini iliyoharibiwa na atazame Yamaha XT500 iliyotoka mwaka 1976, yenye silinda moja ya sentimita 499. Paipu yake ya oili ilipanda nje ya injini hadi kwenye hedi tangu kiwandani. Cyril Neveu aliipanda pikipiki ya aina hiyo na kushinda safari ya kwanza ya mashindano ya Paris hadi Dakar, iliyoanza Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979, akivuka Sahara.

Paipu ya nje, hata hivyo, ina hatari ambayo njia ya ndani haina: hewani haina ukuta wa kuilinda. Injini hutetemeka, na paipu ngumu ya chuma iliyofungwa bila nafasi ya kucheza hupasuka kwenye mwisho wake. Ndiyo sababu hupendelewa paipu laini iliyosukiwa nyaya za chuma, iwe mbali na bomba la moshi na isisuguane na mapezi. Kabla injini haijawashwa mara ya kwanza, plagi huondolewa na injini kuzungushwa hadi oili ionekane ikitoka kwenye ncha ya juu ya paipu. Ndipo kiungo hufungwa. Kamshafti iliyoanza kuzunguka pakavu haingoji.

Baada ya safari fupi injini huachwa ipoe, kisha viungo hupanguswa na kukaguliwa. Hapa Kiswahili kina vitenzi vinavyomfaa mkaguzi kuliko istilahi yoyote. Kiungo kilichotota tu hupanguswa na kuangaliwa tena kesho. Kinachodondosha huondolewa, washa zikabadilishwa, na pikipiki haitoki. Kinachotiririka injini ikiwa inazunguka kitakuwa kimekwisha kuipeleka oili kwenye tairi la nyuma, upande uleule ambao mpandaji ataulalia kwenye kona.