Giaboksi otomatiki huonya kabla ya kuharibika: Dalili na tahadhari kwa mwenye gari la mtumba

MFANYABIASHARA wa Marikiti, kisiwani Mombasa, anayetegemea gari la mtumba kubebea bidhaa zake anaweza kupoteza mtaji wa miezi mingi kwa sababu ya kifaa ambacho huenda hajawahi kukiona: giaboksi otomatiki.

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani, yakiwemo Toyota Probox, Nissan Note na Mazda Demio, huja na gia za aina hii. Kwa mujibu wa kiwango KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango nchini (KEBS), gari la mtumba linaloingizwa Kenya halifai kuzidi umri wa miaka minane. Aidha, sharti likaguliwe kabla ya kusafirishwa.

Hata hivyo, ukaguzi huo hauwezi kumweleza mnunuzi iwapo oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa, wala jinsi gari litakavyoendeshwa likishafika nchini.

Kazi ya oili

Katika gari la gia za kawaida, dereva hutenganisha injini na giaboksi kwa kukanyaga klachi. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili. Pampu huisukuma oili kwa shinikizo, nayo hupitisha nguvu za injini, hufunga na kufungua klachi ndogo zilizomo ndani, hulainisha vyuma na kuondoa joto. Oili ikipungua au ikichakaa, kazi zote hizo huharibika kwa pamoja.

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hutumia aina nyingine iitwayo CVT. Badala ya gia za meno, hii hutumia mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Oili yake ni tofauti kabisa na ya otomatiki ya kawaida. Anayetia oili ya kawaida katika CVT humfanya mkanda uteleze na kukwaruza puli, na hasara hiyo haina dawa nyepesi. Wahenga walisema, rahisi inavunja upishi.

Joto na msongamano

Adui mkubwa wa oili ni joto, na mazingira ya Mombasa hayamwonei huruma. Katika Barabara ya Digo, karibu na Marikiti, magari husonga hatua kwa hatua kati ya mikokoteni, tuktuk na wachuuzi. Katika kivuko cha Likoni, gari lenye shehena hungoja foleni na kisha kupanda mteremko likitoka ferini. Katika hali kama hizo, oili huchemka ilhali upepo wa kuipoza haupo.

Dereva aliyesimama kwa muda mrefu hushauriwa kuweka gia kwenye N au P na kufunga breki ya mkono. Akiwa kwenye mwinuko, atumie breki kulizuia gari lisirudi nyuma, wala si kukanyaga mafuta.

Hatari nyingine ni maji. Katika magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na anayeyatia mara kwa mara badala ya maji maalumu ya rejeta huila rejeta yake kwa kutu. Ikitoboka kwa ndani, maji na oili huchanganyika, na oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena hata kilomita moja.

Dalili za kuangalia

Giaboksi aghalabu haifi ghafla. Injini hunguruma kwa kasi ilhali gari linakwenda polepole. Gia ya D au R hukawia kushika, kisha hushika kwa kishindo. Gari hukataa kubadilisha gia, taa ya onyo huwaka, au matone ya oili huonekana chini ya gari asubuhi. Oili iliyogeuka nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua ni ishara kwamba klachi za ndani zimeanza kuteketea.

Anza na madogo

Mwenye gari asikubali giaboksi ifunguliwe kabla ya mambo mepesi kuchunguzwa. Kwanza ni kiasi cha oili. Utaratibu wa kupima hutofautiana: magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, ilhali ya Honda hupimwa baada ya kuzimwa. Mengine hayana kijiti kabisa, na hupimwa kutoka chini kwa kufuata kiwango maalumu cha joto.

Pili, betri dhaifu au waya ulioshikwa na kutu, jambo la kawaida katika hewa ya chumvi ya Pwani, huweza kuivuruga kompyuta ya gari hata gia zikashtuka. Tatu, fundi asome kumbukumbu za kompyuta hiyo. Alama P0700 husema tu kwamba hitilafu ipo. Haitaji kifaa kilichoharibika. Atakayeuza giaboksi nzima kwa alama hiyo pekee atakuwa amekisia.

Oili inapobadilishwa, nyingine husalia ndani, hivyo huenda ikahitajika kubadilishwa tena baada ya muda mfupi. Gari likikwama, lisivutwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa barabara. Libebwe.

Giaboksi iliyotumika na haki ya mnunuzi

Ikilazimu kununua giaboksi iliyotumika, nambari yake ilingane na ile iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, na rejeta isafishwe au ibadilishwe ili vumbi la chuma lisiiharibu hiyo mpya. Mnunuzi adai dhamana kwa maandishi.

Kwa anayenunua gari, jaribio lifanywe asubuhi injini ikiwa baridi, kisha lirudiwe baada ya kupita kwenye msongamano na mwinuko. Nambari za kilomita pekee zisiaminiwe, maana hurudishwa nyuma.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na maelezo ya kumwezesha kunufaika nazo. Lakini sheria ya uuzaji wa bidhaa haimkingi sana aliyekagua gari na kuacha kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo ni heri kumlipa fundi wa kulikagua gari kabla ya kutoa fedha kuliko kumlipa wakili baadaye.